Saa ya Baba Haikupigana Tabora

Kwa yule ambaye leo ndiyo mara ya kwanza kunikuta katika safu hii, nijitambulishe. Naitwa Barthélemy Bisimwa, karani wa daraja la pili, mkazi wa Kadutu mjini Bukavu, mvaaji wa tai hata siku ambayo jua linapasua mabati. Nyumbani kwangu kuna viti sita, na vyote vina miguu minne. Mambo haya yalinipata mwaka wa 1956.

Baba yangu, muzee Xavier, alifariki kijijini kwetu Mudaka mwaka huo, wakati wa kupanda maharage. Kaka yangu Philémon akarithi ng'ombe na migomba. Mimi nikarithi saa ya mkono.

Wiki zilizopita niliwaeleza jinsi nilivyonuna, na jinsi nilivyoacha kununa. Saa ile ilikuwa na hadithi, na hadithi ina faida zaidi mjini kuliko ng'ombe. Baba alitusimulia miaka na miaka kwamba mwaka wa 1916, katika vita vya Tabora, alimbeba mgongoni commandant wa Kibelgiji aliyejeruhiwa, saa mbili nzima, risasi za Wajerumani zikipita masikioni. Walipofika salama, mzungu yule akavua saa yake na kumvalisha. Sisi watoto tuliijua hadithi hiyo kuliko tulivyoijua sala ya Baba Yetu.

Nikaipeleka kwenye Cercle, pale tulipokutana sisi tulioitwa évolués, watu tuliostaarabika, kunywa bia na kusahihishana Kifaransa. Usiku wa kwanza aliyebebwa alikuwa commandant. Mwezi uliofuata alikuwa major. Kufikia Pasaka alikuwa kanali, na jeraha lake lilikuwa limehama kutoka mguuni hadi kifuani.

Kisha nikafanya kosa la kuiandika. Niliomba ile karte ya mérite civique, karatasi ya serikali inayothibitisha kwamba Mwafrika fulani anajua kutumia uma, hana mke wa pili, na choo chake kina kifuniko. Katika barua ya maombi niliweka ukurasa mzima juu ya saa ya Tabora.

Jibu likaja. Komisiyo itatembelea nyumba yangu baada ya miezi miwili, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Chini kabisa, mkono fulani uliongeza kwa wino: "Mleta maombi aandae uthibitisho kuhusu saa."

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana. Sasa sikilizeni nilivyojichimbia shimo.

*

Nilikwenda kwa Déogratias, fundi wa saa mbele ya soko la Kadutu. Alikuwa mtu mkavu, kioo cha kukuzia kimemkaa kwenye jicho la kulia kana kwamba alizaliwa nacho.

"Hii saa iko ya wapi?" akauliza.

"Ya Tabora. Mwaka wa kumi na sita. Nataka uniandikie karatasi."

"Karatasi ya nini?"

"Ya kuthibitisha hadithi ya baba yangu."

"Mimi natengeneza saa, papa. Sitengenezi baba ya batu."

Lakini aliifungua. Alizungusha kifuniko cha nyuma, kikatoka. Ndani kulikuwa na jina la kiwanda cha Uswisi, na namba ya tarakimu sita. Pembeni kulikuwa na mikwaruzo midogo kama nyayo za mdudu. Aliitazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi, muda mrefu vilevile.

"Ni nini?" nikauliza.

"Sura yake haifanane na ya vita ya zamani. Zile nilionaka zina kasha ingine, na mishale minene. Lakini mimi si mungu. Andikia kiwanda. Kule banaandika kila saa mu kitabu, kama vile mapadiri banaandika ubatizo."

Nikaandika. Nilitumia siku tatu na kamusi mbili. Nilipamba Kifaransa hadi barua yenyewe ikaanza kunukia. Nilieleza Tabora, nikaeleza kanali, nikaeleza mgongo wa baba yangu, nikawaomba waheshimiwa wale wafungue vitabu vyao.

Wiki sita baadaye jibu likaja, mistari minne. Saa yenye namba hiyo ilitoka kiwandani tarehe 11 Mei 1932. Ilipelekwa kwa mfanyabiashara mmoja wa Liège, Ubelgiji. Wakanitakia heri.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mke wangu Euphrasie alikuwa anapepeta mchele.

"Banasema nini, Papa Sophie?"

"Wanasema... ni saa nzuri."

"Ya mwaka gani?"

Nikamwambia. Ungo ukasimama hewani.

"Na Tabora ilikuwa mwaka gani?"

"Kumi na sita."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, ili niumie vizuri.

"Basi baba yako alibeba ule muzungu miaka kumi na sita, kabla bamuvulie saa. Alichoka, maskini."

*

Nilirudi kwa Déogratias nikiwa na hasira, kana kwamba ni yeye aliyeitengeneza saa mwaka wa 1932.

Hakucheka. Akairudisha chini ya jicho lake.

"Huu mukwaruzo si mukwaruzo," akasema. "Fundi akitengeneza saa ya mutu, anaandika alama ndani. Hapa iko F.A., tatu, thelathini na saba. F.A. njo Frère Ambroise, bruda wa misioni. Alinifundisha hii kazi. Alipokufa aliniachia daftari yake."

Akavuta kisanduku chini ya meza, akatoa daftari lenye jalada jeusi, akalipuliza vumbi. Kidole chake kikashuka, ukurasa baada ya ukurasa, kikasimama.

Machi 1937. Saa ya mkono, na namba ileile ya tarakimu sita. Kioo kimevunjika, kimewekwa kipya. Mwenye saa: Inginia Warnotte, Kamituga.

Kamituga! Baba yangu alipata kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Kamituga. Sisi watoto tulibaki Mudaka tukijua tu kwamba yuko kazini mbali; jina la Kamituga tulilisikia mara moja tu, kutoka kwa mgeni aliyelewa, na baba alimfukuza mgeni yule kabla hajamaliza sentensi.

Sasa nilielewa kwa nini. Au nilidhani nimeelewa. Muzee Xavier, shujaa wa Tabora, mshika msalaba wa Ijumaa Kuu, alikuwa mwizi wa saa.

Hapa nitakiri jambo la kwanza leo. Sikulia. Sikumwonea baba huruma. Nilifikiria komisiyo, nikasema:

"Déogratias, una tupa nyembamba?"

"Niko nayo."

"Ondoa hiyo namba. Na huo mkwaruzo."

Alivua kioo chake jichoni. Bila kile kioo alikuwa na sura ya mtu mwingine, aliyezeeka zaidi.

"Tupa njo hii," akasema, akaisukuma mbele yangu. "Fanya weye mwenyewe."

Nikaishika. Nikaiangalia. Nikairudisha, si kwa uadilifu, ila kwa sababu niliogopa kuharibu fedha ya kasha. Huyo ndiye mtu aliyekuwa anaomba karte ya ustaarabu.

*

Jumapili baada ya misa nilipanda baiskeli hadi Mudaka. Nilitaka kumwona shangazi Adélaïde, dada wa pekee wa baba. Siku ya matanga, saa ilipowekwa mkononi mwangu mbele ya watu, shangazi huyu aliinuka akatoka nje. Sote tulisema ni uchungu wa kumpoteza kaka.

Nilimkuta anachambua maharage uani. Alinikaribisha, akauliza habari ya watoto, habari ya mke, habari ya mvua ya Bukavu. Nilimjibu moja moja, kisha nikaanza kwa ukali wa karani.

"Shangazi, baba aliiba saa hii Kamituga."

Aliendelea kuchambua.

"Nani alikuambia aliiba?"

"Kiwanda cha Uswisi kimenijibu, na daftari la fundi lina jina la mwenyewe. Inginia Warnotte."

Mkono wake ukasimama juu ya maharage. Lile jina, nadhani, hakuwa amelisikia likitajwa na mtu mwingine kwa miaka mingi.

"Hakuiba," akasema. "Balimupatia."

"Kwa ushujaa gani?"

"Kwa kunyamaza."

Akaniambia. Nami nawaambia kama alivyoniambia, kwa sauti yake isiyopanda wala kushuka.

Baba alikuwa capita wa nyumba ya inginia, msimamizi wa wafanyakazi wote wa ndani. Alimwita dada yake kutoka Mudaka aje afue nguo. Shangazi wakati huo alikuwa na miaka kumi na minane. Inginia hakuwa na mke pale. Mwaka wa 1934 Adélaïde akazaa mtoto wa kike, mweupe kama yai, nao wakambatiza Colombe.

"Inginia alimupenda mutoto," shangazi akasema. "Nisiseme uongo. Alimubeba mu mikono, alimupatia sukari. Ile kioo ya saa njo Colombe aliivunja, alipiga nayo ku ukuta."

Mwaka wa 1938 inginia akapata barua. Mke aliyemwoa likizoni anakuja. Wakati huohuo serikali ilikuwa inakusanya watoto wa aina ile, waliozaliwa na wazungu, na kuwapakia kwenye malori hadi kwa masista, mbali, ng'ambo ya mto Rusizi. Walisema watoto wale si wa kukaa na mama zao.

"Balisema banaenda kumupiga picha. Baliniambia: muvalishe robe ya muzuri. Nilimuvalisha. Nilimusuka nywele. Camion ilikuwa na vikapu ya kuku nyuma, na Colombe alikuwa anaogopa kuku. Akalia. Alilia juu ya kuku, Batelemi. Hakujua bado iko mama ya kulilia."

Nilitazama baiskeli yangu.

"Baba yako alitaka kushika ile camion. Alishika kweli, na mikono mbili. Njo ule Warnotte akavua saa, akamufunga nayo hapa." Akagusa kifundo cha mkono wake. "Akamuambia: Xavier, nyamaza. Na kaka yangu akaacha camion."

"Na Tabora?"

"Alienda kweli. Alikuwa na miaka makumi mbili. Alibebaka sanduku ya mupishi, na masufuria." Akatupa kokoto mbali. "Tulirudia hapa, batu bakamuuliza saa imetoka wapi. Akasema Tabora. Siku ya kwanza alisema polepole. Kisha akazoea."

Alimaliza maharage yaliyokuwa kwenye ungo.

"Weye unajua Kifaransa. Unaandika ku bazungu na banakujibu. Hata ku Uswisi banakujibu. Andika barua moja. Sema mama yake iko muzima, iko Mudaka. Uliza balimupeleka wapi. Sasa iko na miaka makumi mbili na mbili. Sitaki kitu ingine."

Nilimwahidi. Nilimshika mikono yote miwili, nikamwahidi kwa jina la baba, halafu nikagundua jina hilo halikuwa na uzito niliodhani, nikaahidi kwa jina la Mungu.

*

Jambo la pili la kukiri. Sikuandika.

Si kwamba nilikosa karatasi. Komisiyo ilikuwa imebakiza siku kumi na moja. Nilijiambia hivi: barua ya kulaumu serikali juu ya watoto wake, kutoka kwa mtu anayeiomba serikali hiyohiyo karte, itasomwaje? Afadhali nipate karte kwanza. Nikishakuwa mtu anayetambulika, sauti yangu itafika mbali zaidi. Ilikuwa hoja safi. Ningeweza kuisoma kwenye Cercle wakanipigia makofi.

Euphrasie nilikuwa nimemweleza yote.

"Umeandika?" akauliza Jumatatu.

"Bado."

"Umeandika?" akauliza Ijumaa.

"Baada ya karte, Mama Sophie. Uelewe."

"Ninaelewa. Unangoja bakupatie karatasi ya kusema uko mutu, kisha utafanya vile mutu anafanya."

Tangu siku hiyo hakuuliza tena. Mwanamke huyu akisema sana, nyumba iko salama. Akinyamaza, funga madirisha.

*

Alhamisi, saa nne kamili. Walifika watatu.

Wa kwanza alikuwa msaidizi wa teritware, ofisi ya wilaya, kijana wa Kizungu mwenye soksi ndefu na daftari. Wa pili alikuwa mama mmoja wa kofia, aliyekwenda moja kwa moja jikoni kama mtu anayetafuta panya. Wa tatu alikuwa padiri mzee mwenye ndevu nyeupe, ambaye alikaa kiti cha pembeni, akafumba macho, na mimi nikamshukuru Mungu kwamba angalau mmoja amelala.

Kila kitu kilikwenda sawasawa. Mama wa kofia alifungua kabati, akahesabu sahani, akanusa taulo. Alifunua kitanda chetu cha ndoa akatazama kama kina shuka chini. Aliinua kifuniko cha choo, akakirudisha, akasema, "Vizuri." Nilijivuna. Nawaambia ukweli, mgeni alitazama ndani ya choo changu, nami nikajivuna.

Kijana wa soksi alinihoji. Je, mimi na mke wangu tunakula meza moja? Tunakula. Watoto wanasoma? Wanasoma. Ndugu wa kijijini wanakuja kukaa bila kualikwa? Hapana kabisa, nikajibu, nasi tunawapenda wakiwa mbali.

Kisha akageuza ukurasa.

"Na sasa, Barthélemy, ile saa maarufu."

Nilikuwa nimeivaa. Nilinyoosha mkono. Barua ya Uswisi ilikuwa imekunjwa chini ya godoro, palepale mama wa kofia alipokuwa ameinua shuka. Nikaanza:

"Mwaka wa 1916, Bwana, mbele ya Tabora..."

Nikamsimulia kanali. Nikamsimulia risasi. Sauti yangu ilitetemeka mahali panapostahili, na kalamu ya yule kijana ilikuwa inakimbia.

Mlango wa jikoni ukafunguka.

Euphrasie aliingia kwanza. Nyuma yake, akiwa amevaa kitenge cha Pasaka, miguu ina vumbi la njia yote ya Mudaka, aliingia shangazi Adélaïde.

"Njo mimi nilimuita," mke wangu akasema kwa Kiswahili, akaenda kusimama ukutani na mikono yake kifuani.

"Huyu ni nani?" kijana akauliza kwa Kifaransa.

"Shangazi yangu, Bwana. Dada wa marehemu."

"Ah! Dada wa shujaa!" Akainuka nusu, kwa adabu. "Mwambie tunafurahi."

Sikuwahi kumwambia. Shangazi alikuwa amefika mbele yangu. Alinishika mkono wangu, ule ulionyooshwa, akafungua mkanda wa saa bila haraka, akaitoa. Akaiweka juu ya meza, mbele ya daftari. Akamtazama kijana wa soksi usoni.

"Hii saa haikutoka Tabora," akasema. "Ilitoka ku mukono ya Warnotte, muzungu ya Kamituga, siku balibeba mutoto wangu. Jina yake Colombe. Baliniambia ni picha. Ninyi muko na makaratasi ya batu bote, hata ya choo ya huyu mutoto wa kaka yangu munaandika. Basi muangalie mu makaratasi yenu. Mutoto wangu iko wapi?"

Chumba kizima kilikuwa kinanitazama mimi.

"Anasema nini?" kijana akauliza, kalamu juu. "Mimi Kiswahili bado sikijui vizuri. Tafsiri."

Wasomaji wangu, mmenicheka kwa wiki nyingi, na nimewaruhusu. Nilikuwa na Kifaransa kizuri kuliko karani yeyote wa Kadutu. Kila neno alilolisema shangazi nilijua tafsiri yake. Mutoto, enfant. Picha, photo. Wapi, où. Maneno ya darasa la kwanza.

Nilimtazama shangazi. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyeleta barua posta na sasa anasubiri muhuri upigwe.

Nilifungua kinywa.

"Anasema, Bwana, kwamba anawashukuru kwa kuja. Saa hii ni kumbukumbu chungu kwake, kwa sababu alimpenda sana kaka yake. Na familia yetu nzima iko tayari kuitoa kwa serikali, kama ishara ya uaminifu."

"Oh," mama wa kofia akasema, akajifuta jicho.

Kijana aliandika. Aliandika mistari mitatu, akapiga mstari chini ya neno "uaminifu", akaichukua saa juu ya meza kwa vidole viwili, akaifunga ndani ya kitambaa chake cheupe.

Shangazi aliona saa inaingia mfukoni. Akanigeukia kwa tumaini.

"Bamesema nini, Batelemi? Bataangalia?"

Ukutani, Euphrasie alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Hajui Kifaransa kingi. Lakini anajua hesabu, na alikuwa amehesabu urefu wa maneno ya shangazi na urefu wa yangu, na hakusikia jina la Colombe.

Hapo kiti cha pembeni kikalia. Padiri mzee alikuwa amefumbua macho. Alitoa miwani, akaifuta kwa kanzu yake, akairudisha puani, akanitazama mimi kwanza, kisha mfuko wa kijana, kisha mwanamke aliyesimama katikati ya chumba na vumbi la Mudaka miguuni.

Aliponena, hakunena Kifaransa. Alinena Kiswahili cha Kadutu, cha mtu aliyeungamisha watu wetu miaka thelathini.

"Batelemi, mutoto wangu," akasema, "mama hakusema vile."